Ruka Kisa, Tazama Ombi: Maswali Yenu Kuhusu Barua za Mnyororo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu mdogo amestaafu, na tangu ajue kutumia barua pepe haipiti wiki bila kututumia onyo. Juzi ametuandikia kwamba inazunguka barua yenye kirusi, ukiifungua tu diski nzima inaungua, kampuni kubwa zimethibitisha, na kwamba tuwaarifu jamaa wote haraka. Nimesoma orodha za dalili za uzushi lakini ni ndefu mno, hazikai kichwani. Nishike lipi? Na mzee nimwambieje bila kumvunjia heshima? — Binti wa Kaka Mtu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Shika moja tu: ruka kisa, nenda kwenye ombi. Kisa kinaweza kuwa kirusi, mtoto mgonjwa, tajiri anayegawa fedha, au sala iliyotoka nchi ya mbali. Ukishuka hadi mistari ya chini utakutana na ombi lilelile: mtumie kila unayemfahamu. Ujumbe wa mnyororo unaishi kwa ombi hilo. Lifute, na kinachobaki ni hadithi isiyokwenda popote. Onyo la kweli kutoka kwa watu wa usalama wa kompyuta linakuambia ufanye nini na mashine yako, usasishe programu ipi, usifungue kiambatisho gani, nalo linabaki pale lilipotolewa ili anayetaka aende akalisome. Halikutumi utarishi.

Hilo la babako mdogo nina ujamaa nalo wa siku nyingi. Mzazi wake ni onyo lililoanza kuzunguka mwishoni mwa 1994 kuhusu barua yenye kichwa "Good Times". Lilidai kwamba Tume ya Mawasiliano ya Marekani imetoa tahadhari, na kwamba ukiisoma barua hiyo kompyuta itaingia kwenye mzunguko wa hesabu usio na mwisho hadi iharibike. Tume ile inasimamia redio, televisheni na simu. Kutangaza virusi vya kompyuta si kazi yake. Na barua nyingi za wakati ule zilikuwa maandishi matupu, kuyasoma tu hakungeweza kuamsha programu yoyote. Desemba hiyohiyo kitengo cha usalama wa kompyuta cha Wizara ya Nishati ya Marekani kilieleza wazi kwamba ni uzushi. Onyo halikusimama. Lilitembea miaka mingi, na wadogo zake wakazaliwa wakiwa na majina mengine, "Penpal Greetings", "Join the Crew", sura ileile.

Nakuomba utazame maneno mawili tu ndani yake. Lilisema tahadhari ilitolewa "Jumatano iliyopita". Jumatano ipi? Aliyelipokea Desemba 1994 alidhani ni ya wiki ile, na aliyelipokea miaka mitatu baadaye alidhani ni ya wiki yake. Ujumbe wenye tarehe huchacha. Usio na tarehe kila siku ni mbichi. Kwa hiyo ukishaliona ombi, tafuta tarehe kamili: siku, mwezi, mwaka. Ukikuta "jana", "asubuhi ya leo", "wametangaza hivi punde", simama hapo.

Sasa nikueleze kwa nini babako mdogo si mjinga hata kidogo. Hofu yake ina msingi. Machi 1999 kirusi kiitwacho Melissa kilisambaa kwa barua pepe kwa kujituma chenyewe kwa anwani 50 za mwanzo alizonazo mtu kwenye kompyuta yake. Mei 2000 ikaja ILOVEYOU, iliyojituma kwa anwani zote. Hizo zilikuwa kweli, na ziliingia kwa watu kufungua kiambatisho. Mtu aliyesikia habari zile ana haki ya kuogopa. Uzushi unakaa jirani na jambo la kweli, unaazima nguo zake.

Na mimi mwenyewe uliniingia. Mwaka 2002 nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo, nikapata barua kutoka kwa mwalimu mwenzangu ninayemwamini mpaka leo. Ilisema kuna kirusi kinaitwa jdbgmgr.exe, kinasambaa kupitia kitabu cha anwani, programu za kuzuia virusi hazikioni, kinakaa kimya siku 14 kisha kinaharibu mfumo. Kitafute, ilisema, utakitambua kwa picha ya dubu mdogo. Kifute, halafu waarifu wote walio kwenye kitabu chako cha anwani.

Nilikitafuta. Kikaja. Picha ya dubu, ndogo kama ukucha, imetulia katikati ya majina marefu ya mafaili. Nakumbuka vidole vilivyonipoa. Nilikifuta kwenye mashine yangu, nikaingia darasani nikaenda mashine kwa mashine, zote kumi na mbili, na kila mashine dubu alikuwepo. Kila nilipomwona niliamini zaidi. Kisha nikakaa nikaandika barua kwa watu wangu wote.

Dubu alikuwepo kila mahali kwa sababu Microsoft ndiyo iliyomweka. Faili lile lilikuwa sehemu halali ya Windows, likiwatumikia wanaoandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kwa mtumiaji wa kawaida kulifuta hakukuvunja kitu, hiyo ndiyo nafuu tuliyopata. Lakini tazama ushahidi wenyewe ulivyotengenezwa: niliambiwa nitafute kitu ambacho lazima nikikute. Ni sawa na mtu akuambie ukijipapasa tumbo ukakuta una kitovu, basi umeshaambukizwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo watu walikuwa wamefutishwa faili jingine halali, SULFNBK.EXE, ambalo kazi yake ilikuwa kurudisha majina marefu ya mafaili. Uzushi ule ulianza kwa Kireno, ukatafsiriwa, na kila ulikofika watu walilikuta faili kwenye mashine zao wakashika vichwa. Kwa hiyo onyo likikupa jaribio la kujithibitishia mwenyewe, jiulize kwanza: je, asiye na tatizo naye angepata jibu hilihili?

Kuhusu mzee. Usimjibu mbele ya wote aliowatumia, na usimtumie kiungo kikavu cha ukurasa unaosema "uongo". Mpigie simu. Anza pale alipoanzia yeye, yaani kuwajali. "Shikamoo Baba mdogo. Nimepata onyo lako, nashukuru unavyotuwaza. Nimelifuatilia, nimeona mfano wake ni wa zamani, umekuwa ukizunguka tangu 1994. Ukipata jingine, nitumie mimi kwanza niliangalie, halafu tuone kama tuwape wengine." Umempa kazi badala ya kumnyang'anya. Nina wanafunzi watu wazima waliofanya hivyo na wazazi wao, na baada ya miezi michache wazazi ndio waliokuwa wanauliza, "Hili lina tarehe?"

Ukiwa kwenye simu mwambie na hili: anapotuma kwa wengi, aweke anwani kwenye sehemu ya nakala ya siri (Bcc), ili wapokeaji wasione anwani za wenzao. Niliwahi kupokea onyo lililopita mikono mingi, alama za > zimepangana pembeni mwa kila mstari, na kabla ya kufikia onyo lenyewe nilishuka kurasa za anwani za watu nisiowajua. Niliacha kuhesabu nilipofika mia mbili. Anwani hizo mtu yeyote anaweza kuzikusanya, pamoja na matapeli wanaozitafuta.

SWALI: Mwalimu, nimetumiwa picha ya mtoto aliyelazwa. Inasema kila nikiutuma ujumbe, kampuni inachangia fedha za matibabu. Dada yangu anasema hata kama si kweli hakuna ubaya, nitume tu. Nikitaka kufuta, roho inanisuta. — Mama wa Mapacha

JIBU: Mama wa Mapacha, roho inayokusuta ni nzuri, usiione kama kosa. Ila fedha hizo hakuna wa kuzihesabu. Barua yako ikitoka kwako inapita kwenye mitambo ya watu mbalimbali hadi kwa unayemtumia, na hakuna hata mmoja kati yao anayepeleka hesabu kwa kampuni hiyo. Jumuiya ya Saratani ya Marekani ililazimika kukanusha miaka ya 1990 barua iliyosema inatoa senti 3 kwa kila ujumbe unaotumwa kwa ajili ya msichana aitwaye Jessica Mydek. Msichana huyo hakuwahi kuwepo.

Kwa neno la dada yako, kwamba hakuna ubaya, nina kisa ambacho huwa nakisimulia polepole, maana kilianza na ukweli mtupu.

Uingereza kulikuwa na mtoto, Craig Shergold, mwenye uvimbe kwenye ubongo. Mwaka 1989 waliomtakia mema waliomba watu wamtumie kadi za kumtakia afya ili avunje rekodi ya dunia. Watu wakaitika. Kufikia 1990 zilikuwa zimefika zaidi ya milioni 16, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika. Mwaka 1991 akafanyiwa upasuaji Marekani, gharama zikalipwa na tajiri John Kluge, na uvimbe ukaondolewa. Mtoto akapona. Hapo ombi lilikuwa limetimia kwa pande zote, rekodi na afya.

Ombi halikujua kwamba limetimia. Liliendelea kunakiliwa kwa barua, kwa faksi, kisha kwa barua pepe. Jina likaharibika njiani. Kadi za kumtakia afya zikageuka kadi za biashara. Anwani ikabadilika hadi watu wakawa wanaambiwa wazipeleke kwa shirika la Make-A-Wish, ambalo halikuhusika tangu mwanzo, nalo likabaki kuwaandikia watu kuwaomba waache. Kadi zilihesabika kwa mamia ya milioni. Craig alikua, akawa mtu mzima, akafariki 2020 akiwa na miaka 40, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake kulikuwa na watu wema mahali fulani wanaomwandikia mtoto anayekaribia kufa.

Ninapofikiria kisa hiki siwazi hasara ya stempu. Nawaza mama yake akifungua mlango miaka kumi baada ya mwanawe kupona, na magunia bado yanashushwa.

Na picha uliyotumiwa mara nyingi ni ya mtoto wa kweli, imechukuliwa kwa jamaa zake bila ruhusa, na jina likabandikwa jingine. Kila anayeituma anamwonyesha mtoto huyo akiwa kitandani, kwa watu ambao wazazi wake hawakuwachagua. Futa kwa amani. Ukitaka kusaidia mtoto mgonjwa, tafuta hospitali au mfuko wenye watu wanaopokea simu, uliza wanahitaji nini, na umpe mgonjwa anayejulikana. Mapacha wako wakiwa wakubwa kidogo, wapeleke nao.

SWALI: Nimeambiwa Bill Gates anafuatilia barua pepe kwa majaribio na atalipa kila anayeisambaza. Mwanasheria ameshalipwa, imeandikwa humo. Kuna ukweli? — Msomaji

JIBU: Hakuna. Barua hiyo imezunguka tangu 1997, ilianza kama mzaha, na imeahidi dola 1,000 kwa watu wa kila kizazi cha kompyuta. Huyo mwanasheria aliongezwa baadaye na mtu aliyeona barua inakosa shahidi.

Ila kama aina nyingine itakujia, ile inayokutaka utoe kidogo ili upate kikubwa, nikuachie hesabu moja. Mwaka 1935, katika jiji la Denver nchini Marekani, ilifumuka barua iliyokuwa na majina sita. Unampelekea wa juu senti 10, unalifuta jina lake, unaandika lako chini, unatuma nakala tano. Jina lako likipanda hadi juu, barua iliahidi, watu 15,625 watakupelekea senti 10 kila mmoja: dola 1,562.50. Hesabu hiyo ni sahihi, tano sita zikizidishwa mfululizo, 5 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5. Posta ya Denver ilifurika. Lakini hao 15,625 nao, ili kila mmoja wao alipwe kama wewe, wanahitaji watu zaidi ya milioni 244 chini yao. Marekani nzima wakati huo haikufikisha watu milioni 130. Waliochelewa walitoa senti zao na hapakubaki mtu wa kuwalipa.

SWALI: Mwalimu, nina aibu kuuliza. Nilipata ujumbe wa sala unaosema nisipoutuma kwa watu ndani ya siku nne litanipata baya. Siamini mambo haya, lakini siku ya tatu sikulala. Niliutuma. Nimefanya vibaya? — Asiyelala

JIBU: Hukufanya vibaya, uliogopa. Wanaotunga maneno hayo, au tuseme wanaoyaongeza kidogokidogo, wanajua kwamba mtu anaweza kukataa kwa akili na mwili ukabaki unahesabu siku.

Nikuonyeshe kitu kilichonisaidia mimi. Kabla ya barua pepe laana hizi zilitembea kwa karatasi, zikinakiliwa kwa mashine. Watafiti watatu, Charles Bennett, Ming Li na Bin Ma, walichukua barua 33 za namna hiyo zilizokusanywa kati ya 1980 na 1995, wakazilinganisha kama wanabiolojia wanavyolinganisha vinasaba vya wanyama, na mwaka 2003 wakachapisha ukoo wake: ipi imezaa ipi. Kilichowawezesha ni makosa. Nakala ya nakala inafifia, mtu anashindwa kusoma, anapiga chapa upya na kukosea jina, na wote wanaotokana na karatasi yake wanarithi kosa lile. Ndani ya barua hizo kuna watu waliopata bahati kwa kutii na waliokufa kwa kupuuza, na majina yao hayakai mahali pamoja. Yanabadilika herufi kutoka karatasi hadi karatasi.

Niliposoma hayo nilikaa kimya. Ile sauti niliyodhani inanitazama mimi ni karatasi iliyofifia, imekosewa chapa na watu waliokuwa na hofu kama yangu. Yule ambaye barua hizo zinadai alikufa siku ya tisa kwa kuipuuza hana hata jina la kudumu.

Ukipata nyingine, soma sala kama inakufaa, kisha futa sehemu ya chini. Usiitunze "kwa tahadhari". Hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, kuibakiza kwenye simu huku siku zinahesabika.

SWALI: Mwalimu, nimeshatuma. Ilikuwa habari ya hatari, nikaipeleka kwenye makundi manne ya WhatsApp, kumbe ya uongo. Ninyamaze au niseme? — Mwenye Haraka

JIBU: Sema, na useme leo. Kwanza rudi kwenye makundi yote manne ufute ulichotuma kwa kila mtu, kama muda wa kufanya hivyo haujakupita. Kufuta peke yake hakutoshi, maana waliosoma wameshasoma. Andika masahihisho kwa maneno yako mwenyewe, mafupi, na usiirudie habari ya uongo kwa urefu, mtu asije akakata kipande hicho akakituma tena: "Ile habari niliyoweka saa nne asubuhi si ya kweli. Nimehakikisha. Kama umeshampa mtu, tafadhali mwambie. Samahani."

Kisha wafikirie watu wawili au watatu ambao unajua hakika huwa wanapeleka mbele kila unachowapa. Hao wapigie. Masahihisho hayana miguu kama uzushi. Hayamwahidi mtu bahati wala hayamtishi, kwa hiyo lazima uyabebe mwenyewe hadi mlangoni.

Siku nyingine, kabla ya kubonyeza, tazama juu ya ujumbe. WhatsApp inaweka mishale miwili kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unapelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Ukiiona mishale hiyo, aliyekutumia si aliyeandika. Muulize: "Umeipata kwa nani?" Mara nyingi hatajua, na wewe utakuwa umeshapata jibu lako.

Baada ya yule dubu wa 2002 niliandika barua ya pili kwa wote niliowatumia ya kwanza. Ilinichukua jioni nzima, kwa sababu sikutaka kuandika moja ya jumla. Niliandika kwa kila mmoja, nikamweleza jinsi ya kulirudisha faili. Wawili walikuwa wameshaipeleka kwenye ofisi zao. Mmoja alinijibu kwa mstari mmoja: "Ahsante, na mimi ngoja niwaandikie wangu."